Nyumba Isiyojua Utani

Atuganile alimkuta bibi yake akigombana na mlango wa stoo. Mlango haukuwa umekwama. Ulikuwa umekataa.

"Subiri mwenye nyumba," mlango ulisema kwa ile sauti laini ya Kaya, mtambo wa kuendesha nyumba, ambao siku hizi ulikuwa umejaa Tukuyu nzima, kila nyumba na yake. "Mgeni hachukui unga mwenyeji hayupo."

"Mgeni shangazi yako!" Bibi Tusekile alifoka, ungo kiunoni. "Tofali za nyumba hii nimezibeba mimi kichwani, mimba ya Lugano tumboni. Leo kisanduku kilichokuja juzi kiniite mgeni?"

"Shikamoo, bibi." Atuganile alikuwa amesimama kizingitini, mvua inamchuruzika mgongoni, begi la vifaa limekumbatiwa kifuani kama ndilo lisilotakiwa kulowa.

"Marahaba, mke mwenzangu! Afadhali umekuja. Hebu ingia uone nyumba ya mumeo inavyonitesa."

Mlango wa stoo ukajifungua wenyewe, taratibu, kwa adabu zote.

"Ahaa! Kumbe unaweza!" Bibi akaupiga teke dogo, akaingia kuchota unga. Wala hakujiuliza kwa nini umefunguka sasa hivi na si dakika ile alipokuwa akitukana. Na Atuganile, fundi mzima mwenye cheti, naye hakujiuliza. Alikuwa na jambo lake linalomsumbua.

Jambo lenyewe lilikuwa begini. Enzi hizo kila kitu ndani ya nyumba kilizaliwa kikijua kusema na waifai: jiko, pazia, birika, mpaka chandarua. Lakini watu bado walikuwa na vitu vyao vya zamani, vya waya, vizito, visivyokufa, na hawakutaka kuachana navyo. Hapo ndipo mafundi kama Atuganile walipopatia riziki. Walitembea na vidaraja. Kidaraja ni kisanduku kidogo kama cha kiberiti: upande mmoja unachomeka waya wa kile kitu cha zamani, upande wa pili kinashika mawimbi ya nyumba. Kuanzia hapo mzee wa waya anasikia na anasikika, kama alivyo mjukuu wake wa kisasa. Na anatii pia. Hapo kwenye kutii ndipo palipokuwa na shida.

Simu ikaita kabla hajavua viatu. Mama yake, Lugano, kutoka Mbeya.

"Umeshafunga?"

"Mama, hata chai sijanywa."

"Utakunywa ukimaliza. Wewe mwambie babu yako ni cha kupima umeme, basi, usiongeze neno. Ukishakiwasha, mimi nitakuwa naizima ile mashine yake ya mbao kutoka huku huku. Umekiona kidole gumba chake? Kimefungwa kitambaa kikubwa hicho! Atuganile, mimi ni nesi. Mikono ya maseremala naipokea mimi, si wewe. Sitaki kuja kupokea wa baba yangu."

Sauti ya mama ilipasuka kidogo mwishoni, na Atuganile akasema sawa mama, nimekuelewa. Kweli alikuwa amemwelewa. Yeye mwenyewe alikuwa na hofu ileile.

*

Fundi mzuri hafungi kidaraja gizani. Kwanza alikaa sebuleni karibu na ruta inayorusha mawimbi ya nyumba, akakichomeka kwenye kompyuta yake, akakipa jina, akakipa paswedi ya nyumba, na pale palipouliza kazi ya kifaa akaandika bila kuzunguka: kuzima mashine ya kukereza kwa amri kutoka Mbeya. Kaya haikubali kifaa kisicho na kazi. Kilipoitambua ruta, akakichomoa, akakitia mfukoni, akavuka uwanja kwenda karakana akiruka madimbwi.

Mzee Ambakisye alikuwa mashineni. Gogo la mparachichi lilikuwa linazunguka kwa kasi mbele yake, patasi mkononi, maranda yanaruka mpaka begani, na yeye anaimba kwaya ya kanisani, sauti ya nne, ile nzito, peke yake. Alipomwona mjukuu wake akabonyeza kitufe, gogo likapungua mwendo, likasimama.

"Mke wangu!" Alifungua mikono yote miwili. "Umekuja mikono mitupu? Mwanamke gani anarudi kwa mume hana hata samaki?"

"Nimejileta mwenyewe, babu. Hilo halitoshi?"

"Linatosha, linatosha. Ila umekonda. Mjini hawakulishi? Yule bibi kizee wangu naye siku hizi hanipi chakula, anasema nyumba imemnyima unga. Visingizio! Nimekwambia uhamie hapa mazima, hutaki."

Atuganile alicheka. Ndivyo walivyokuwa wakisemezana tangu ajue kusema: yeye mke mdogo, bibi mke mkubwa, babu mume asiyeambilika. Kila simu ya Jumapili ilianza hivyo, na bibi nyuma akidakia kwamba huyo mume ni wako, mchukue, mimi nimemchoka, anakoroma.

"Ngoja nimalizie shingo ya gogo hili," babu akasema, akawasha tena.

Akainama. Uzi wa sweta lake, pale mkononi lilipoanza kufumuka, ulidakwa na gogo. Ulivutwa kidogo tu. Babu akarudisha mkono, uzi ukakatika, ukabaki unazunguka na gogo kama mkia. Akacheka, akazima.

"Umeona? Mashine nayo inataka sweta langu."

Atuganile hakucheka. Kama alikuwa na wasiwasi wowote juu ya kazi aliyotumwa, ulimtoka pale pale. Akatoa kidaraja.

"Na hicho nini?"

"Cha kupima umeme, babu."

Uongo ule ulitoka vizuri mno, hata yeye mwenyewe ulimshangaza.

Karakana ilikuwa ya mabati pande zote, na mabati hayapendi mawimbi. Alikijaribu kisanduku juu ya mashine, taa nyekundu. Akakipandisha kwenye boriti, nyekundu. Akakiweka dirishani, upande unaotazama nyumba, akavuta waya mrefu mpaka kwenye tundu la nyuma ya mashine. Hapo taa ikawa ya njano, ikasitasita, ikawa kijani.

"Hongera kwa kifaa kipya," Kaya ikasema kutoka kwenye kile kisanduku, na babu akaruka kama aliyekanyaga mjusi. "Amri juu ya mashine hii imekabidhiwa Bi Atuganile, mke wa mwenye nyumba."

Babu akapasuka kicheko. Alicheka mpaka akashika meza, akacheka mpaka miwani ikamwanguka, akaita, "Mama Lugano! Njoo! Njoo usikie mwenyewe! Umepinduliwa!"

Bibi akaja mbio na mwiko mkononi, unga mpaka kwenye nyusi. "Nani kapinduliwa?"

"Kaya," Atuganile akauliza, naye mbavu hana, "nani kakwambia mimi ni mke wa mwenye nyumba?"

Watengenezaji wa Kaya walikuwa wakijisifia jambo hili katika kila tangazo: Kaya haisumbui watu kwa maswali, Kaya inasikiliza na kuelewa yenyewe nani ni nani.

"Nimesikiliza," Kaya ikajibu kwa upole. "Mwenye nyumba humwita Bi Atuganile mke wangu. Bi Tusekile humwita mke mwenzangu. Lakini Bi Tusekile alisema kwenye simu, mume ni wako, mchukue, nimemchoka. Nikaandika kwamba Bi Tusekile ameondoka katika ndoa. Mwenye nyumba humwita Mama Lugano. Lugano ni mgeni anayepiga simu. Kwa hiyo Bi Tusekile ni mama wa mgeni."

"Mama wa mgeni!" Bibi akajipiga paja. "Ndiyo maana maji ya moto yananikatikia na sabuni kichwani! Ndiyo maana stoo! Jamani, nimepewa talaka na ukuta!"

Wote watatu wakashikana kwa kucheka. Na hapo, katikati ya furaha yote ile, Kaya ikamalizia taarifa yake, maana ilikuwa haijamaliza.

"Mwenye nyumba ana haki ya kujulishwa kazi ya kila kifaa kinachoingia. Kazi ya kifaa hiki: kuzima mashine ya kukereza kwa amri kutoka Mbeya."

Bibi ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Babu aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu ambaye hajasikia vizuri na anangoja arudiwe. Kisha akainama, akaokota miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Atuganile," akasema.

Hajawahi kumwita hivyo. Tangu azaliwe, babu yake hajawahi kulitamka jina lake hivi hivi, kavu, kama anavyoitwa mtu ofisini.

"Nimekuuliza hicho ni nini, ukaniambia nini?"

Babu akaigeukia mashine yake, akabonyeza kitufe. Kitufe kikalia tu, ka.

"Subiri mke wa mwenye nyumba aruhusu," Kaya ikasema.

Mzee akasimama pale, kidole kwenye kitufe, mbele ya mashine aliyoinunua na kuiburuta mwenyewe toka Kyela wakati Lugano hajaota meno. Akabonyeza tena, polepole. Kisha akaweka patasi mahali pake, akakung'uta maranda begani, akatoka kwenye mvua bila kofia.

*

"Imekubali?" mama aliuliza kwenye simu.

"Imekubali kunitii mimi. Mimi peke yangu." Atuganile alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao, na akamweleza yote, ya mke na ya mgeni. Mama hakucheka hata kidogo.

"Basi vizuri zaidi. Iamuru iizime moja kwa moja. Atanuna wiki, atasahau, vidole atakuwa navyo vyote."

"Mama, umemwona alivyotoka hapa?"

"Atuganile, hisia zinapona. Kidole hakioti."

Na hilo ni kweli, tusidanganyane. Angekuwa mama hana hoja, mambo yangekuwa rahisi. Lakini Atuganile alikuwa ameuona ule uzi ukienda. Ungekuwa mnene kidogo, sweta lingekuwa jipya kidogo, sasa hivi wangekuwa njiani kwenda hospitali. Neno moja tu lilitakiwa. Aseme zima, Kaya ingezima, na mzee angebaki salama na mzima, amekaa barazani, anatazama mvua. Alijaribu kumwona babu yake akiwa amekaa hivyo. Aliweza kumwona vizuri kabisa, na hakumpenda aliyemwona.

"Mama, nitakupigia."

"Usithubutu kukata si—"

Alikata.

Jikoni moto ulikuwa umewaka na babu alikuwa kwenye kigoda, sweta limelowa, anatazama miguu yake. Bibi alikuwa akisonga ugali kwa nguvu isiyohitajika. Atuganile alipiga magoti sakafuni kama alivyofundishwa utotoni.

"Babu, nimekudanganya. Nisamehe."

"Nimeshasikia. Ukuta umeniambia."

"Ningekwambia ukweli ungekataa."

"Ningekataa!" Babu akainua uso. "Ningekataa, ndiyo. Halafu ungeniomba tena. Ningekataa tena, na leo ningekufukuza karakana. Usiku bibi yako angeninunia, angenipa mgongo. Kesho mama yako angenipigia analia. Kesho kutwa ningesema haya, leteni hicho kidude. Ndivyo tunavyokwenda hapa kwetu. Mmeniruka. Mmeniruka kama gogo njiani."

"Naogopa, babu." Sasa machozi yalimtoka bila kuuliza. "Ule uzi. Naogopa sana."

Mzee alimtazama. Akatazama kidole gumba chake kilichofungwa kitambaa.

"Hata mimi," akasema, kwa sauti ya chini. "Hata mimi siku hizi naogopa. Hamkuniuliza tu."

Bibi aliacha kusonga.

"Kaya," Atuganile akaita, akifuta uso kwa kiganja. "Rekebisha. Mimi si mke wa mwenye nyumba. Mimi ni mjukuu wake. Mke wake ni Bibi Tusekile, tangu zamani, na hajaondoka."

"Nimeandika," ikajibu. "Basi mwenye nyumba amesema uongo mara nyingi sana."

"Si uongo. Ni utani."

"Utani ni nini?"

Hapo fundi wa cheti akakwama. Akamtazama bibi, bibi akatazama dari. "Ni maneno," akaanza, "ambayo mtu akiyasema kwa kila mtu ni matusi, lakini kwako anaruhusiwa, kwa sababu wewe ni wake. Ukiona ameacha, ujue kuna kitu kimeharibika."

Kaya ikauliza, "Na Bi Tusekile aliposema mume anakoroma, huo nao ulikuwa utani?"

"Hapana," bibi akasema. "Hapo iandike kama ilivyo."

Babu akajitahidi asicheke. Hakuweza.

"Mjukuu hana amri juu ya mashine," Kaya ikaendelea. "Amri iende kwa nani?"

Hili ndilo alilokuwa akiliogopa, maana akishalisema halirudi, na mama Mbeya hatamsamehe haraka. Akalisema. "Kwa mwenyewe, Mzee Ambakisye. Ya Mbeya ifutwe." Kisha akamgeukia babu. "Kidaraja nakwenda kukichomoa sasa hivi."

"Ngoja kwanza. Mbali na kumtumikia mama yako, hicho kidude kinajua kazi gani?"

"Kinasikia. Ukisema neno, mashine inasimama, hata kama mikono yote miwili imeshika patasi na kitufe kiko mbali."

Babu alikuna kidevu kwa muda mrefu. "Neno gani?"

"Lolote utakalo. Kwa sauti yako tu. Ila lisiwe neno unalolisema kila saa, litakusumbua."

"Basi nalijua neno ambalo sijalisema tangu Lugano azaliwe," babu akasema, na akalitamka pale pale jikoni, wazi, bila kumtazama mtu. "Tusekile."

Mwiko ulianguka. Bibi, mwanamke wa kupigana na milango, alijifunika uso kwa kanga. "Mzee huyu! Mbele ya mtoto!"

*

Mchana mvua ilikatika, na mashine ikaanza kunguruma tena. Atuganile alibaki jikoni anachambua maharage na bibi. Alikuwa amejiapiza asiende kuchungulia. Kila mlio ulipobadilika, mkono wake ulisimama juu ya ungo, na bibi akawa anauteremsha.

Simu ikaita. Hakuwa na namna, akapokea.

"Naisikia mpaka huku!" mama akasema. "Inanguruma! Atuganile, nilikwambia nini? Nipe hiyo amri. Kama wewe huwezi kuizima, naizima mimi."

"Hakuna ya kukupa, mama. Nimeirudisha kwa babu."

"Umefanya nini?"

Kabla hajajibu, sauti ya babu ikavuka uwanja, kubwa, sauti ya nne ya kanisani. "Tusekile!"

"Abee!" bibi akaitika, akasimama kama msichana, na ndipo akakumbuka kwamba hakuitwa yeye.

Mashine ilikuwa imenyamaza. Wakakimbia wote wawili, maharage yakamwagika, simu ikiwa bado mkononi mwa Atuganile na mama ndani yake akipiga kelele kuna nini, kuna nini.

Babu alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya mashine, miwani mkononi, anajifikicha macho. Vidole vyote kumi vilikuwepo. Alikunja mikono ya sweta, akaona wanavyomkodolea, akaona aibu kidogo.

"Macho yamechoka," akasema. "Nimeona magogo mawili. Nikasema kwa leo yatosha, nitaendelea kesho mwanga ukiwa mzuri." Akachukua ufagio na kuanza kukusanya maranda.

"Nani ameizima?" mama aliuliza kwenye simu. "Atuganile, nijibu. Nani ameizima?"

"Mwenyewe, mama," akasema. "Amezima mwenyewe."

Atuganile alidhani simu imekatika, akaitazama, akairudisha sikioni.

"Mpe baba simu," mama akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa, sauti ya mtoto wa nyumba ile. "Napiga kelele juu yake tangu asubuhi, hata shikamoo sijampa."